Nguzo na Shina Lake

Ukitaka kujua nguzo ya stima imebakiza miaka mingapi, usitazame juu kwenye nyaya. Tazama mguuni. Fundi mzoefu huinama pale mti unapoingia ardhini, akafukua udongo kiasi cha shubiri moja au mbili, kisha akaugonga kwa nyundo kuuzunguka huku akisikiliza. Mti mzima hutoa sauti kali na nyundo huruka. Mti ulioliwa ndani hutoa sauti nzito, na nyundo hutua bila nguvu. Akiwa na shaka, huchukua bisibisi akachoma. Juu ya hapo nguzo hupigwa na upepo na jua ikakauka. Chini kabisa hewa ni haba, na kuvu hawezi kuishi bila hewa. Ni pale mpakani, maji na hewa vinapokutana, kuvu na mchwa hufanya kazi yao. Nguzo ya mita 10 inaweza kuwa nzima karibu yote na bado ikaanguka kwa sababu ya kipande kisichozidi urefu wa mkono.

Mji wa Eldoret unazijua nguzo hizi kuliko miji mingi ya Kenya. Mashamba ya Uasin Gishu ndiyo yanayozikuza, na viwanda vya mji huo vimezitia dawa kwa miaka mingi kabla hazijapakiwa kwenye malori. Lakini umri wa nguzo haukuanza siku iliposimikwa. Ulianza kuhesabiwa shambani, na kabla ya shamba hilo kulikuwa na hesabu nyingine, za watu wengine, juu ya nyanda zile zile. Nikiifuata historia ya miti ya Eldoret, naona kwamba hakuna kilichoishi pale miaka yake tu. Kila kimoja kilipewa miaka na mtu aliyekihitaji, na mara nyingi kikaishi mingine ambayo huyo mtu hakuihesabu.

Kabla ya mji, Uasin Gishu ilikuwa nyasi. Ni uwanda wa juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, wenye baridi ya asubuhi na mvua ya kutosha, na misitu ilikuwa pembezoni tu: Kaptagat na Timboroa upande wa mashariki na kusini, Nandi upande wa magharibi. Kwenye miteremko ya vilima bado yapo mashimo mapana yaliyozungushiwa mawe, ambayo wenyeji huyaita ya Wasirikwa. Wachimbaji wa mambo ya kale wanaeleza kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, yaliyotumika kati ya karne ya 13 hivi na karne ya 18. Nyumba zilizokuwa kando ya mazizi, za miti na udongo, zimetoweka. Mawe yapo, na udongo uliokuwa samadi bado huota nyasi za rangi tofauti na zile za jirani.

Wamaasai waliolipa eneo hili jina walivunjwa nguvu na vita vya karne ya 19, na malisho yakawa ya Wanandi. Kwa Wanandi umri wa mtu haukuhesabiwa peke yake. Kijana akitahiriwa aliingia katika rika lake, yaani ibinda, na majina ya marika ni saba: Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi. Kila rika lilikuwa na zamu yake ya ujana na uaskari kwa miaka ipatayo 15, kisha likapisha jingine. Baada ya Nyongi linarudi Maina. Mzunguko mzima unachukua zaidi ya miaka 100, kwa hiyo jina hurudi pale ambapo mzee wa mwisho aliyelibeba ama amekufa ama yu karibu. Mtu hufa, jina halifi. Kwa hesabu ya namna hiyo, karne moja ni mzunguko mmoja tu.

Hesabu nyingine ilikuja na serikali ya kikoloni. Wanandi walipigana nayo kwa zaidi ya miaka kumi, hadi kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa tarehe 19 Oktoba 1905. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1908, Makaburu kutoka Afrika Kusini wakiongozwa na Jansen van Rensburg walishuka meli Mombasa, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha wakapandisha magari ya ng'ombe hadi kwenye uwanda. Ardhi ilikuwa imepimwa na kupewa nambari. Shamba nambari 64 halikuwa na udongo wa kuvutia wakulima, basi posta ikafunguliwa hapo mwaka wa 1910, na mwaka wa 1912 mahali hapo pakapewa jina la Eldoret. Wazee hadi leo huita mji Sisibo.

Mashamba hayo yalitolewa kwa hati za kukodi. Kwanza zilikuwa za miaka 99. Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 1915 ikaruhusu miaka 999. Tulizeni macho kwenye nambari hiyo kidogo. Serikali ambayo ilikuwa na miaka ishirini tu katika nchi iliandika kwenye karatasi kwamba mtu mmoja na warithi wake watalima kipande kile hadi baada ya mwaka wa 2900. Hakuna mti, ng'ombe wala ukoo pale uliowahi kuahidiwa maisha marefu namna hiyo. Hati hizo ziliupita ukoloni wenyewe. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 65, ndiyo iliyosema kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya kwa zaidi ya miaka 99, na hati yoyote iliyozidi hapo ihesabiwe kuwa ya miaka 99. Kati ya 1915 na 2010 ni miaka 95.

Ukiwa na miaka 999 ya karatasi, unahitaji ua. Posti za ua za walowezi wa kwanza zilitoka misituni, na mti uliopendwa kuliko yote ulikuwa mtarakwa, ambao Wakalenjin huuita tarakwet. Huu ni mti wa polepole. Katika miinuko ya Timboroa na Kaptagat mtarakwa huishi karne kadhaa, na kabla haujafikisha unene wa kupasuliwa mbao nzuri, mtu aliyeupanda amezeeka au amekufa. Polepole hiyo inalipa. Kiini chake chekundu kina mafuta yenye harufu kali ambayo mchwa na kuvu hawayapendi, na posti ya mtarakwa isiyotiwa dawa yoyote hukaa udongoni kwa miongo. Kuna nyua za zamani Uasin Gishu ambazo posti zake zimeoshwa na mvua hadi zikawa za kijivu, seng'enge zimekatika kwa kutu na kubadilishwa, nazo posti bado zimesimama.

Mti wa polepole, hata hivyo, haungoji mwenye haraka, na reli ilikuwa na haraka. Reli ya Uganda ilichoma kuni katika injini zake, na misitu ya kandokando haikuweza kuota kwa kasi ya moto. Ndiyo sababu mikaratusi ililetwa Kenya kutoka Australia mwaka wa 1902 hivi: mti unaopandwa leo na kukatwa kuwa kuni baada ya miaka michache. Reli ilipofika Eldoret mwaka wa 1924, ikielekea Uganda, mikaratusi ilikuwa tayari imezoeleka katika nyanda za juu. Wakulima wakaipanda kando ya mashamba ya mahindi na ngano ili kukinga upepo, na nyasi za Uasin Gishu zikaanza kuwa nchi ya miti. Injini zikahamia mafuta, kisha dizeli. Mikaratusi ikabaki.

Mti wa pili kutoka Australia, mwati, ndio uliobadilisha Eldoret zaidi, na kisa chake nakiona cha ajabu kwa sababu kilianzia Amerika Kusini. Huko Argentina, katika misitu ya Chaco, uko mti mgumu uitwao quebracho. Kiini chake kina tanini, ile dawa chungu inayofanya ngozi mbichi kuwa ngozi ya viatu isiyooza. Mwaka wa 1906 kampuni ya Forestal iliundwa London ili kuuvuna, ikajenga reli zake, bandari zake na miji yake ya kiwanda. Tatizo lilikuwa umri. Quebracho huchukua karibu karne kukomaa. Kampuni ilikuwa inakata kwa mwaka kile ambacho msitu ulitengeneza kwa vizazi, na hakuna mwekezaji anayengoja miaka 100 ili avune tena.

Mwati hauombi uvumilivu huo. Mbegu zake zilifika Natal, Afrika Kusini, katika miaka ya 1860, na wakulima wa huko wakagundua kwamba gamba la mti huo lina tanini nyingi, kati ya sehemu 30 na 40 kwa mia likiwa kavu, na kwamba mti huwa tayari kumenywa ukiwa na miaka minane hadi kumi. Forestal ilihamishia macho yake Afrika. Nchini Kenya, katika miaka ya 1930, ilianzisha kampuni ya East African Tanning Extract, ambayo watu wa Eldoret waliifupisha wakaiita EATEC. Ikawa na maelfu ya ekari kuuzunguka mji na kiwanda cha kuchemshia magamba. Katika mwongo wa 1960 Forestal ilifunga kazi zake Argentina, ikaacha miji mizima bila mshahara. Mwati wa miaka kumi ulikuwa umeushinda mti wa miaka 100.

Kazi ya mwati ilikuwa ya mikono na ya msimu wa mvua, maana gamba hutoka vizuri mti ukiwa na maji. Mmenyaji hukata pete kuzunguka shina karibu na ardhi, hupasua mstari kwa panga, kisha huvuta gamba juu likachanika kwa ukanda mrefu. Mti ukiangushwa, gamba lililobaki hutolewa, likafungwa matita. Shina lililokuwa uchi lilikuwa kuni na makaa, na makaa ya mwati bado yanasifiwa majikoni Eldoret kwa kukaa na moto. Matita yalikwenda kiwandani, yakakatwakatwa, yakachemshwa, na mchuzi ukakaushwa kuwa kitu kigumu cha rangi ya kahawia kilichotiwa magunia na kupelekwa ng'ambo.

Mwati wenyewe hauishi sana hata ukiachwa. Nyingi hufa kabla ya kufika miaka 20 hivi. Lakini mbegu yake ni habari nyingine. Ina ganda gumu lisilopitisha maji, na inaweza kulala udongoni kwa miaka 50 ikiwa bado hai, ikingoja moto upasue ganda lake. Hivyo mti unaoishi miaka 20 huacha watoto wanaoweza kusubiri nusu karne. Dunia ilipoanza kuvaa soli za plastiki na mpira, na viwanda vya ngozi vikahamia chumvi za kromiamu, biashara ya magamba ilipungua. Kampuni ilikuwa imepita mikononi mwa Lonrho, na kufikia mwaka wa 2000 hivi ardhi yake ilikuwa inakatwa vipande na kuuzwa. Leo sehemu kubwa ni mashamba madogo na mitaa ya nyumba. Mtu akichoma takataka nyuma ya nyumba yake kwenye ardhi iliyokuwa ya EATEC, asishangae kuona miche yenye majani laini kama manyoya ikichomoza baada ya mvua. Kampuni ilikufa kabla ya mbegu zake.

Stima nayo ilikuwa imefika, na haja ikabadilika. Kwenye mto Sosiani, ule unaopita katikati ya mji, mtambo mdogo wa maji wa kilowati 400 ulianza kazi mwaka wa 1955, mwaka mmoja baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa Jinja. Kwa miongo mingi stima ilibaki ya miji na mashamba makubwa. Mambo yalibadilika baada ya Sheria ya Kawi ya mwaka wa 2006 kuunda mamlaka ya kupeleka umeme vijijini. Kati ya mwaka wa 2013 na 2017 pekee, wateja wa Kenya Power walitoka milioni mbili na kitu hadi zaidi ya milioni sita. Hesabu kidogo inatosha kuonyesha maana yake: kila kijiji kilihitaji mstari wa nguzo, na kila nguzo ilikuwa mkaratusi uliopandwa na mtu miaka kumi kabla. Wakulima wa Uasin Gishu waliochoshwa na bei ya mahindi waliona mti uliokuwa kikinga upepo ukigeuka kuwa karo ya shule.

Mkaratusi wa nguzo huchaguliwa ukiwa umesimama. Mnunuzi huutazama kutoka pande mbili kama umenyooka, huupima unene, huupiga alama ya rangi. Ukikatwa humenywa gamba siku hiyo hiyo, na vyuma vya meno hupigiliwa kwenye ncha zake ili usipasuke unapokauka. Hulazwa kwenye madaraja kwa miezi, upepo ukipita kati. Hapa ndipo nguzo nyingi zinapopoteza miaka yake: mti uliotiwa dawa ukiwa bado na maji hauinywi dawa, na mwenye haraka ya kuuza hujua kwamba nguzo haitaanguka mbele ya macho yake. Ukikauka vizuri, huingizwa kwenye pipa kubwa la chuma lililolala, refu kuliko basi. Mlango hufungwa. Hewa hunyonywa kwanza kutoka ndani ya mti, kisha dawa huachiwa na kusukumwa kwa shinikizo kwa saa kadhaa. Njia hiyo ya pipa na shinikizo iliandikishwa na Mwingereza John Bethell mwaka wa 1838, kwa ajili ya mafuta ya lami. Dawa inayotumika sana sasa ilibuniwa na Mhindi, Sonti Kamesan, mwaka wa 1933, akifanya kazi katika chuo cha utafiti wa misitu cha Dehradun. Ni shaba, kromiamu na aseniki. Shaba huua kuvu, aseniki huua mchwa, na kromiamu huzishikilia zote mbili ndani ya mti zisioshwe na mvua. Nguzo hutoka ikiwa na rangi ya kijani.

Mkaratusi ule ule usiotiwa dawa ungeliwa udongoni kwa miaka miwili mitatu. Ukitiwa vizuri husimama 20, 30 au zaidi. Mtarakwa uliota karne ukajipatia dawa yake. Mkaratusi ulikimbizwa miaka kumi, nasi tukaongeza kwa sumu miaka ambayo tuliukata kabla haujaifikia.

Sasa niulize swali ambalo nadhani ndilo kiini cha mambo haya: mti huu ulikufa lini? Jibu jepesi ni siku ulipokatwa. Lakini sehemu kubwa ya shina la mti wowote mnene, hata ukiwa umesimama na majani mabichi, imekwisha kufa zamani. Kiini hakina uhai. Kinachoishi ni utando mwembamba chini ya gamba na mbao changa za nje zinazopitisha maji. Na kule shambani kisiki hakijui kwamba mti umekufa. Mvua ikinyesha, machipukizi hutoka kukizunguka. Mkulima huacha mawili au matatu yaliyo imara, hung'oa mengine, na baada ya miaka mingine minane au kumi anavuna nguzo tena kutoka mizizi ile ile. Hufanya hivyo mara tatu, pengine nne, kabla kisiki hakijachoka. Kwa hiyo nguzo inaweza kuwa imesimama kando ya barabara ya Ziwa au Moiben, imekauka na kubeba nyaya, huku mizizi iliyoikuza iko hai maili chache tu kutoka hapo ikikuza mdogo wake. Huko New South Wales, Australia, uko mkaratusi mdogo wa aina adimu ambao umekuwa ukifa na kuchipuka kutoka mzizi mmoja kwa muda unaokadiriwa kuwa maelfu ya miaka. Nasi kwetu tunausema mkaratusi kuwa mti wa miaka kumi. Hiyo ni miaka ya soko, si ya mti.

Serikali nayo imeingiza mkono katika hesabu hizi. Mwaka wa 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliamuru mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito na chemchemi kwa sababu hunywa maji mengi. Februari 2018 ukataji katika misitu ya umma ulipigwa marufuku, na marufuku hiyo ikaondolewa Julai 2023. Katika miaka hiyo mitano macho ya wanunuzi yaligeukia zaidi miti ya mashamba ya watu. Nguzo za saruji nazo zimeanza kuchukua nafasi ya miti kwenye njia nyingi, kwa hoja ya kwamba zinaishi zaidi. Sizipingi. Nasikitika tu kwamba hoja hiyo ilipata nguvu kutokana na nguzo zilizoanguka mapema, na nyingi kati ya hizo hazikuangushwa na asili ya mti. Ziliangushwa na kukausha kwa haraka na dawa isiyopenya.

Nguzo ikishushwa haiishi hapo. Kijijini hakuna kinachotupwa: hukatwa ikawa posti za geti, mihimili ya banda, daraja la kuvukia mtaro. Hiyo ni sawa. Lakini ipo hesabu moja ya umri ambayo lazima kila nyumba iijue. Mti huoza, kampuni hufungwa, hati ya miaka 999 hufupishwa kwa sentensi moja ya Katiba, lakini aseniki haiozi. Ni elementi, haina umri wa kwisha. Moto hauiui, sehemu hupaa na moshi, na iliyobaki hujikusanya kwenye majivu. Marekani iliacha kutumia mbao za dawa hii katika ujenzi wa makazi mwishoni mwa mwaka wa 2003 kwa hofu ya sumu hiyo. Basi wewe uliye na kipande cha nguzo ya kijani nyuma ya nyumba, hata kama rangi imepauka na mti umepasuka, usikipikie chakula, usikichomee nyama, usikitengenezee ghala la mahindi wala kihori cha ng'ombe, na majivu yake yasiende kwenye sukuma. Kitumie kwenye ua, na umwambie mtoto wako kwa nini, maana posti hiyo huenda akairithi yeye.

Na ukipata nafasi ya miche kumi kwenye mpaka wa shamba lako, tisa iwe ya kuuza ukipenda. Wa kumi uwe mtarakwa.